Memori Nne, Taa Nne

Saa tatu na robo asubuhi fundi aliulizwa swali lile lile kwa mara ya sita, na kwa mara ya sita akatoa jibu lile lile.

"Niulize Jumamosi, afande."

"Leo ni Alhamisi," alisema Sajini Tena.

"Najua."

"Mkuu wangu anataka faili lako liende kwa mwendesha mashtaka leo saa kumi. Kesho utapandishwa kizimbani. Jumamosi utakuwa rumande, na mimi nitakuwa nyumbani nanyoa ndevu. Nikuulize wapi?"

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kucha zilizokatwa hadi mwisho na alama ndogo za kuungua kwenye vidole. Alikuwa amelala mahabusu usiku mmoja tu, lakini nywele zake alikuwa ameshazibana upya, na koti la kazi amelikunja vizuri magotini.

Jina la Sajini halikuwa Tena. Hilo alibandikwa na wenzake kituoni kwa sababu ya mazoea yake. Mtu akishamweleza habari yake mwanzo hadi mwisho, akashusha pumzi akidhani ametua mzigo, Sajini hufungua ukurasa mpya wa daftari na kusema, "Vizuri. Niambie tena." Wako waliokiri makosa yao kwa uchovu tu. Kuhusu kompyuta alijua mahali pa kuiwashia, na ripoti zake alizichapa kwa vidole viwili, kimoja kikimsubiri mwenzake.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mwanamke mmoja, mchora ramani za nyumba, aliagiza kompyuta ya michezo ya hali ya juu kabisa kwa ajili ya mdogo wake wa kiume. Ilikuwa zawadi ya shukrani, na angemkabidhi Jumamosi. Kwenye agizo lake alitaka memori nne, gigabaiti kumi na sita kila moja, za aina ile yenye taa zinazobadilika rangi. Fundi akaifunga, akaifikisha nyumbani kwa mteja kwa mikono yake mwenyewe. Siku mbili baadaye mteja akamwita mtu mwingine aikague, na mtu huyo akakuta kwamba memori mbili kati ya zile nne ni plastiki yenye taa, ndani hamna kitu. Mbili za kweli hazikujulikana zilipo.

"Umeziuza?" Sajini aliuliza.

"Hapana."

"Umezificha?"

"Hapana."

"Uliziweka wewe hizo plastiki?"

"Ndiyo, niliziweka mimi."

"Mwenye duka anasema ukifika mahakamani usirudi tena kazini kwake. Miaka kumi na moja yote inakwenda na maji."

Hapo fundi aliinua macho. "Amesema hivyo kweli?"

"Mara mbili. Nilimwomba arudie."

Fundi alionekana anataka kusema jambo, akabadili nia, kisha akauliza kitu ambacho Sajini hakukitarajia. "Huyo aliyeikagua ile kompyuta, alizirudisha memori nafasi zipi?"

"Nitajuaje?"

"Mwangalie, tafadhali. Ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta ulio chini ya feni kubwa, zile za kweli zikae nafasi ya pili na ya nne. Zikikaa vingine, kompyuta itawaka, lakini mtu atacheza kama amefungwa jiwe mguuni."

Sajini aliandika maneno hayo na kuyapigia mstari. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa amehoji wezi wa kila namna, na hakuwahi kumwona mwizi anayelala sakafuni huku akihangaikia raha ya aliyemwibia. Alimwagiza konstebo wa zamu ampe fundi chai na blanketi la pili, akachukua kofia yake akatoka.

*

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya mahali wanapouza mapazia. Mwenye duka alikuwa na mdomo usio na mlango. Kabla Sajini hajamaliza kupanda ngazi, alikuwa ameshaambiwa kwamba biashara imelala, kwamba wateja wawili wamefuta oda zao, na kwamba mke wa mwenye duka hajala tangu jana kwa sababu ya aibu.

"Nionyeshe anapofanyia kazi," alisema Sajini.

Meza ya fundi ilikuwa dirishani. Juu yake palitandazwa mkeka wa mpira, na bisibisi zilipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, kila moja ikielekea upande uleule. Chini ya meza kulikuwa na rafu ya maboksi matupu.

"Hatupi boksi hata moja mpaka mteja akae mwezi mzima bila kulalamika," alisema mwenye duka. "Tabia yake hiyo. Hapa tunaishi na maboksi kama ndugu."

Boksi la memori lilikuwa la tatu kutoka juu. Nyuma yake palikuwa na karatasi yenye namba nne, moja ya kila memori, zote zikianza sawa na kutofautiana mwishoni tu: sabini na moja, sabini na mbili, sabini na tatu, sabini na nne. Sajini alizinakili, akazisoma kwa sauti, akazisoma tena.

"Sasa nieleze. Nne si bora kuliko mbili?"

"Ungedhani hivyo. Hata mteja alidhani hivyo." Mwenye duka alivuta kiti, maana maelezo aliyapenda. "Afande, chukulia diski ni kabati, na memori ni meza yako. Faili liko kabatini, lakini huwezi kulifanyia kazi humo, lazima ulitandaze mezani. Meza kubwa, unatandaza mengi. Mpaka hapo tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Sasa, anayecheza gemu hahitaji meza ya mikutano. Gigabaiti thelathini na mbili zinamtosha na kubaki. Yeye anachotaka ni mkono mwepesi, yaani memori inayokimbia na kujibu upesi. Na hizi za kizazi kipya zina madeko. Weka mbili, zinakimbia mwendo wake wote. Weka nne, prosesa inazidiwa kuziongoza, inabidi zote zipunguziwe mwendo, la sivyo kompyuta inazimika gemu limefika patamu."

"Kwa hiyo mbili zingekuwa bora kwa huyo kijana."

"Fundi alimwambia mteja hivyo hivyo, mimi nikiwa hapa hapa. Yule mama akakataa katakata. Alisema, 'Nafasi ziko nne, memori ziwe nne. Sitaki pengo hata moja kwenye shukrani yangu.' Ungefanya nini? Tukaagiza nne."

"Na hizi za plastiki?"

"Ah, hizo ni pambo. Zinatengenezwa kwa makusudi kabisa. Mtu akifunga memori mbili, nafasi mbili zinabaki tupu, na kasha lina kioo ubavuni, kila mtu anaona. Wengine hawapendi. Basi wanajazia hizo, taa zinawaka nne, macho yanaridhika."

Sajini aliacha kuandika. "Jana hukuniambia kwamba ni pambo halali."

"Jana uliniuliza kama mbili zimepungua. Zimepungua. Na pambo ni halali kama mteja amekubali, afande. Huyu hakukubali. Halafu zile za kweli ziko wapi? Rafuni hazipo. Nimetafuta mpaka kwenye mapazia ya watu."

Sajini akaomba karatasi zote za oda ile. Mwenye duka akatoa agizo la mchora ramani, na nyuma yake karatasi nyingine iliyojazwa kwa mkono.

"Hii nayo ni nini?"

"Tabia yake nyingine. Hafungi kompyuta ya mtu asiyemjua. Anayelipa ni mmoja na atakayeikalia ni mwingine, yeye anamtaka huyo atakayeikalia. Anamwuliza anacheza nini, saa ngapi, anakaa vipi. Anasema memori inachaguliwa kwa anayeitumia, haichaguliwi kwa macho."

Sajini alisoma. Mtumiaji alicheza michezo ya mbio za magari na mmoja wa vita, saa mbili kwa siku, tatu siku za mapumziko. Alitumia mkono wa kushoto. Mwandiko wenyewe ulilala kushoto, herufi zikiegemeana. Mwishoni kabisa palikuwa na ombi: "Feni zisipige kelele, dada analala chumba cha pili."

Akarudia mstari ule. Dada analala chumba cha pili. Kwenye maelezo yake ya jana, mchora ramani aliapa kwamba mdogo wake hajui lolote kuhusu zawadi ile, na kwamba yuko safarini kikazi hadi Jumamosi.

"Huyu kijana alifika hapa?"

"Mimi sijamwona. Lakini mimi mchana huwa nakwenda kula."

"Nipe daftari la kazi za siku hiyo."

Siku ile ile ya karatasi, mistari miwili chini, fundi alikuwa ameandika kazi nyingine: kusafisha vumbi, kompyuta ya kuchorea, moja. Pembeni, mteja alitia sahihi wakati wa kuichukua. Sahihi ililala kushoto.

Wazo baya lilimpitia Sajini, nalo halikumpendeza. Huenda kijana alikuja akakubaliana na fundi, wakachomoa mbili na kuziuza, dada abaki na taa. Alikuwa ameshaona ndugu wakifanyiana mabaya zaidi ya hayo. Lakini mtu wa kuuza memori haachi nyuma ombi kwamba feni zisimsumbue dada yake.

*

Aliyeikagua kompyuta alikuwa na kibanda upande wa pili wa barabara, na juu ya mlango wake aliandika Daktari wa Kompyuta kwa rangi nyekundu. Alimpokea Sajini kwa bashasha ya mtu aliyeshinda.

"Mimi nilijua tu, afande. Yule mwanamke anajifanya mtakatifu sana."

Kwenye kabati lake la kioo kulikuwa na memori mbili za aina ile ile, zenye taa zile zile. Sajini aliziona kabla hajaketi.

"Hizo umezipata wapi?"

Bashasha ikapungua. Daktari alianza kueleza habari za mtu aliyemletea, mtu asiye na jina wala simu, na jasho likamtoka puani. Sajini akaomba azitoe. Akazigeuza, akavaa miwani, akasoma namba. Hazikukaribiana hata kidogo na zile za kwenye boksi.

"Hizi si zenyewe."

"Nilikwambia, afande," alisema Daktari, akijipangusa.

"Habari za huyo mtu asiye na jina tutazungumza siku nyingine, mimi na wewe. Sasa niambie, ulipomaliza kukagua, zile za kweli ulizirudisha nafasi zipi?"

"Popote palipokuwa wazi. Kwani kuna tofauti?"

Sajini alipiga mstari kwenye daftari, akaondoka. Ilikuwa saa saba kasorobo.

*

Mchora ramani alimfungulia mlango akiwa na penseli sikioni. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamrisha na macho yaliyovimba kwa kulia. Sebule ilikuwa safi, na kwenye meza ndogo palikuwa na kisanduku cha dawa chenye vyumba vya asubuhi, mchana na jioni.

"Amesema?" aliuliza kabla ya salamu.

"Bado, mama. Naomba niione hiyo kompyuta."

Ilikuwa chumbani kwake, imefunikwa shuka. Alipoiwasha, memori nne zilimeremeta nyuma ya kioo, bluu, kisha zambarau, na mtu asiyejua asingetofautisha ya kweli na ya pambo. Sajini alipiga picha, akahesabu kutoka kwenye prosesa. Za kweli, zenye namba ubavuni, zilikuwa ya kwanza na ya pili. Namba zake ziliishia sabini na moja na sabini na tatu.

"Niambie kwa nini ulimnunulia."

"Nilishakwambia jana."

"Niambie tena."

Mchora ramani aliketi kitandani. Akaeleza kwamba figo zake zilikufa zote mbili, kwamba alisafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa mwaka na miezi minane, na kwamba mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha utotoni, alikwenda kupimwa bila kumwambia mtu. Vipimo vikapatana, akampa figo moja. Jumamosi hii unatimia mwaka mmoja tangu wapasuliwe.

"Sina cha kumpa, afande. Mtu akikupa kipande cha mwili wake unampa nini? Nikasema, yeye anapenda gemu, basi apate kompyuta iliyo bora kuliko zote, kila nafasi imejaa. Nimechora ramani za nyumba kumi na saba mwaka huu kwa ajili ya hilo. Halafu yule mwanamke ananiwekea plastiki. Imeniuma. Sijisikii nimeibiwa kompyuta, najisikia nimeibiwa shukrani."

Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Sajini aliangalia pembeni kidogo, akampa nafasi. Kwenye meza ya kazi, karibu na dirisha, kulikuwa na kompyuta nyingine, ya kijivu, isiyo na kioo wala taa. Kwenye skrini yake nyumba ya ghorofa tatu ilikuwa ikijizungusha yenyewe polepole, paa, ngazi, madirisha, vyote.

"Hiyo ndiyo ya kazi?"

"Ndiyo hiyo. Mdogo wangu alinifungia mwaka juzi. Ilikuwa inanitesa. Nikifungua ramani ya ghorofa inakwama mpaka nakwenda kupika narudi. Lakini siku hizi imetulia, Mungu amsaidie. Kabla hajasafiri aliipeleka kusafishwa vumbi, ikarudi kama imezaliwa upya."

"Niambie tena."

"Nini?"

"Hapo kwenye vumbi."

Akarudia, akimtazama Sajini kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Ilikwama, ikapelekwa kusafishwa, ikarudi haikwami. Sajini aliuliza kama kufuta vumbi huwa kunaongeza ukubwa wa meza. Mchora ramani hakuelewa swali, naye Sajini hakulifafanua. Akaomba ruhusa aizime kompyuta ile, akaomba na bisibisi. Akafungua skrubu mbili za ubavuni kwa taratibu ya mtu anayeogopa kuvunja cha watu, akamulika kwa simu yake.

Ndani, kwenye nafasi ya pili na ya nne, kulikuwa na memori mbili nene, nyeusi, zenye ukanda wa taa juu. Taa zake zilikuwa zimefunikwa kwa utepe mweusi, kwa unadhifu mkubwa, zisipenye kwenye matundu ya kasha. Sajini aliinama mpaka shingo ikamwuma. Namba ziliishia sabini na mbili, na sabini na nne.

"Mama, njoo usome mwenyewe."

Mchora ramani akasoma. Sajini akamwonyesha daftari. Akasoma tena, safari hii bila kuambiwa, kisha akaketi sakafuni pale pale.

"Zimefikaje humu?"

Sajini akampa ile karatasi ya maswali, na daftari la kazi alilotoka nalo dukani. Dada aliutambua mwandiko wa mdogo wake kabla hajamaliza mstari wa kwanza.

"Alijua," alisema. "Huyu mtoto alijua."

"Fundi alimtafuta ili amwulize anacheza vipi. Ndiyo kazi yake ilivyo. Kijana akaambiwa kwamba memori nne zitampunguzia mwendo, na mbili zinamtosha. Akafikiria ni nani katika nyumba hii anayehitaji meza kubwa. Nafikiri ndivyo ilivyokuwa, lakini wa kulithibitisha ni fundi."

"Na plastiki?"

"Ulisema hutaki pengo."

Mchora ramani alijifunika uso. Mabega yakamtikisika, na Sajini hakuweza kujua kama analia au anacheka. Alipoondoa mikono, alikuwa anafanya yote mawili.

Kisha sura ikambadilika. "Fundi yuko wapi saa hizi?"

"Mahabusu, mama. Mpaka saa kumi."

"Nipe viatu vyangu."

Akiwa njiani Sajini alimpigia mkuu wake.

"Mali imepatikana, afande. Zote mbili."

"Safi sana. Kwa nani?"

"Kwa mlalamikaji. Ndani ya kompyuta yake ya kazi."

"Niambie tena," alisema mkuu.

*

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa tisa na nusu. Sajini aliweka daftari mezani, ukurasa wenye namba nne, mbili zikiwa zimezungushiwa duara.

"Sikuulizi ziko wapi, nimeziona. Kama nimekosea, kataa."

Fundi alitazama ukurasa, akafumba macho. "Nani mwingine ameziona?"

"Mwenyewe."

"Basi nimeshindwa. Niliahidi mpaka Jumamosi."

"Ungesema jana, ungelala kwako. Kwa nini ulijitesa?"

Fundi alinyoosha koti lake magotini kabla ya kujibu. "Hapo kwenye daftari la kazi nilikosa, nilipaswa kuandika kila kitu. Niliogopa mwenye duka, yule hana siri. Lakini kusema sikuweza, afande. Mama yangu alisafishwa damu miaka minne akingoja wa kumpa figo. Mimi nilipimwa nikaonekana sifai. Ndugu tukiwapigia simu hawapatikani. Halafu siku moja, mtu aliyemtolea dada yake figo anakaa kwenye kiti changu, ananiomba kitu kidogo tu: nifunge mdomo, ili dada yake apate furaha ya kumshtukiza. Ningemkatalia kwa uso gani?"

Mchora ramani alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliingia, akavuta kiti, hakukikalia.

"Nimekulaza sakafuni, fundi. Wewe ulikuwa unanitunzia furaha yangu, mimi nikakuita mwizi mbele ya watu. Sijui naanzia wapi kukuomba radhi, na kukushukuru sijui naishia wapi."

"Ungejuaje? Mimi mwenyewe ningeona plastiki ningepiga kelele."

"Kazini kwako nitakwenda mwenyewe. Na mwenye duka atanisikia."

"Usimpe muda wa kujibu," alisema fundi, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu. "Na Jumamosi je?"

"Jumamosi nampa zawadi yake kama nilivyopanga. Mimi sijui kwamba yeye anajua. Yeye hajui kwamba mimi nimejua. Ataweza kushangaa vizuri?"

"Alinionyesha dukani atakavyoshangaa. Nilimwambia apunguze kidogo."

Mchora ramani aliandika kwa mkono wake kwamba anafuta malalamiko, Sajini akapiga muhuri, na faili halikwenda popote. Kisha akamrudishia fundi mkanda, simu na bisibisi ndogo aliyokamatwa nayo mfukoni. Akamwonyesha na ile picha aliyoipiga chumbani. Fundi aliivuta karibu, akakunja uso kuliko alivyoukunja alipokamatwa.

"Ya kwanza na ya pili? Huyu mtu ana leseni ya nini?" Akamgeukia mchora ramani. "Mama, kabla sijaenda kuoga, nipe dakika ishirini kwako. Siwezi kulala mdogo wako akiwa amewekewa hivi."

*

Dakika zenyewe zilikuwa kumi na nane. Sajini alishika taa, kazi aliyopewa kwa amri. Fundi aligusa chuma cha kasha kwanza, atoe umeme mwilini, akachomoa memori mbili za kweli kwa vidole vya pembeni, akazihamishia nafasi ya pili na ya nne, mapambo yakachukua ya kwanza na ya tatu. Alizibonyeza mpaka zikalia, kila moja mara moja. Akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio, akaziamuru zikimbie mwendo wake kamili, maana Daktari alipozichomoa mwendo ulikuwa umeshuka. Akasubiri. Kompyuta ilisimama imara.

"Hapo sasa," alisema. "Ikimkwama, aniite mimi mwizi."

Mchora ramani alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi, karibu na ile kompyuta ya kijivu, mkono ukiwa juu ya kasha lake kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala.

"Fundi, sasa unaweza kusema. Alipokuomba zile mbili uniwekee mimi, alisema nini?"

Fundi alimtazama Sajini, kisha chini.

"Nilimwuliza, dada yako anataka kukushukuru kwa hizi, wewe unamrudishia, atashukuru lini? Akasema yeye hadai shukrani. Akasema..." Fundi alijikuna shingo. "Ni maneno ya kawaida sana, mama."

"Sema hivyo hivyo."

"Akasema kabla ya upasuaji ulikaa karibu miaka miwili hupati hata haja ndogo. Siku hizi asubuhi amelala, anasikia mlango wa chooni, halafu anasikia unavuta maji. Akasema, 'Nikisikia yale maji, fundi, mimi nimeshashukuriwa siku hiyo.'"

Mchora ramani alicheka. Alicheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni, mpaka akashika ubavu wenye kovu na kuomba basi, basi, wakati hakuna aliyekuwa akisema kitu. Akainuka kwa haraka, akiwa bado anacheka na kujifuta macho.

"Mmeniponza," alisema. "Nisubirini."

Akatoka. Walisikia mlango wa chooni ukifungwa. Fundi aliacha kukusanya skrubu zake, na Sajini, bila kujua kwa nini, akavua kofia. Wakasimama kimya wawili hao, wakingoja, mpaka maji yakavutwa.